Mwitongo: Kabla ya Mwalimu Kulikuwa na Mvua

Mtoto aliyezaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922 aliitwa kwanza Mugendi. Jina hilo halikudumu. Mwaguzi wa Kizanaki alishauri libadilishwe, mtoto aitwe Kambarage, jina la mzimu wa kike unaohusishwa na mvua. Baba yake naye alibeba jina la tukio: alizaliwa mnamo 1860, wakati viwavi walipovamia mashamba, na kwa Kizanaki kiwavi ni nyerere. Ubatizo uliomwongezea mtoto jina la Julius ulikuja miaka 21 baadaye, wakati ambapo kiwavi na mvua vilikwisha kukaa ndani ya jina lake.

Leo Shinyanga kuna uwanja wa mpira unaoitwa Kambarage. Maelfu wamekaa humo wakapiga kelele za bao, wakristo kwa waislamu, pasipo mtu kuwaza kwamba wapo chini ya jina la mzimu wa mvua kutoka milima ya Mara. Wala si kosa lao. Tumefundishwa kumwanzia Mwalimu Julius Nyerere, ndiye mtoto huyo, kwenye shule ya Mwisenge, tukaruka mpaka Tabora, Makerere, Edinburgh, kisha chama cha TANU na Uhuru. Na anayefika Mwitongo, kitongoji cha Butiama alimozaliwa na kuzikwa, huelekezwa moja kwa moja kwenye makumbusho na kaburi, akapiga picha, akasaini kitabu cha wageni, akaondoka.

Ninadhani wageni hao wanaanzia mwisho. Mwitongo ni mawe na msitu kwanza. Chifu alikuja baadaye, kanisa likafuata, taifa likaja mwisho kabisa. Mwenye siku moja ya kuzunguka Musoma, Butiama na Bunda anaweza kuiona historia hiyo kwa mpangilio wake, ilimradi asikubali kupelekwa haraka kaburini.

Mapango yasiyochimbwa

Mara ni mkoa wa majabali. Ukiwa Musoma mjini unayaona kwenye mlima Mukendo na kando ya ziwa. Ukipita Makutano kuelekea Butiama yanaongezeka, mengine yamekaa juu ya mengine kana kwamba kuna aliyeyapanga kisha akasahau kuyafunga. Ni mawe ya matale, sehemu ya tabaka kuukuu la dunia linaloshikilia Tanzania ya kati na kanda ya ziwa, lenye umri unaozidi miaka bilioni 2.5. Mawe hayo yaliganda yakiwa chini sana ardhini. Mmomonyoko wa muda mrefu uliondoa udongo uliokuwa juu yake, maji yakapenya kwenye nyufa na kuzila kingo, na kilichobaki ni mawe ya mviringo yaliyorundikana.

Kwa hiyo pango la Mara si kama Amboni kule Tanga, ambako maji yamekula mawe ya chokaa na kuacha kumbi na njia za chini kwa chini. Pango la Mara ni nafasi iliyobaki kati ya jabali na jabali. Huingii ndani ya mlima. Unaingia chini ya jiwe lililoegemea jiwe jingine. Mengine yanamtosha mtu mmoja aliyechuchumaa, mengine kaya nzima pamoja na mbuzi wao. Wenyeji wake wa kudumu ni pimbi, ambao Mwitongo wamezoea watu kiasi cha kuota jua juu ya mawe huku wageni wakipita, na nyuki, ambao hawajazoea mtu yeyote. Nyoka nao wamo. Kijana wa Butiama anayekuongoza atapiga fimbo kwenye jiwe kabla ya kuinama, nawe fanya hivyo hivyo.

Kwingine duniani mawe ya namna hii yamechongwa. Kule Dunhuang, China, watawa walianza kuchimba mapango ya Mogao mwaka 366, wakaendelea kwa karne nyingi wakiyajaza sanamu na michoro ya Buddha; na katika milima mingi ya Asia msafiri hupanda ngazi mpaka kwenye pagoda inayoonekana kutoka bondeni. Hata hapa kwetu wapo waliochora: Kondoa kuna michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, na kwenye majabali ya Moru, ndani ya Hifadhi ya Serengeti, kuna ngao zilizochorwa na Wamaasai, na karibu yake jiwe linalolia kama kengele likigongwa. Wazanaki hawakujenga mnara wala hawakuweka sanamu. Heshima ya mahali ilishikwa kwa kumbukumbu na kwa katazo: hapa hukati mti, hapa hupiti na moto, hapa huji bila mzee fulani.

Hilo lina gharama yake. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ina macho mazuri kwa kitu kilichotengenezwa na mkono wa binadamu, iwe ukuta, kaburi, mlango wa nakshi au mchoro. Jabali ambalo halijaguswa, lakini watu wameomba mvua chini yake kwa vizazi, huonekana kuwa jabali tu. Mtu wa kokoto naye huliona hivyo hivyo.

Muhunda

Jirani na Mwitongo upo msitu mdogo unaoitwa Muhunda. Ukilinganisha na misitu ya hifadhi ni kipande tu, lakini umesimama wakati vilima vingi vya jirani vimegeuka mashamba na vichaka. Kwa imani ya Wazanaki wa Butiama, Muhunda ni jina la msitu na pia ni jina la mzimu unaokaa humo. Simulizi humpa umbo la mnyama wa porini, na mnyama hubadilika kutegemea msimuliaji. Jambo lisilobadilika ni katazo: miti ya Muhunda haikatwi, na haiingiwi ovyo.

Mizimu ya namna hii inapatikana karibu Mara nzima. Kwa lugha za huko huitwa emisambwa, na kila mmoja una mahali pake: bwawa, chemchemi, mkuyu mkubwa, jiwe. Baadhi ni roho za wahenga walioanzisha ukoo au waliozijua siri za mvua. Mara nyingi hupelekewa sadaka na wazee wa ukoo husika, kwa nyakati maalum au kukiwa na balaa: ukame, magonjwa ya mifugo, wanawake kutopata watoto. Asiye wa ukoo huo hana kazi pale. Mpangilio wa matambiko hayo ulikuwa pia mpangilio wa ardhi, kwa sababu anayejua nani anatambika wapi anajua nchi hii ni ya nani, mipaka yake inapita wapi na maji yako upande gani.

Mwanahistoria Jan Bender Shetler, aliyekaa miaka kadhaa akisikiliza wazee wa Mara kusini, ameeleza katika kitabu chake kuhusu Serengeti jinsi watu wa huko walivyoihifadhi historia yao kwenye mandhari. Mlima ulikuwa ushahidi. Mzee akisimulia asili ya ukoo anataja mahali, na msikilizaji anaweza kwenda kupaona. Kabla yake, mwanaanthropolojia Mswisi Otto Bischofberger aliandika juu ya marika ya Wazanaki, utafiti uliochapishwa mwaka 1972. Kwa mujibu wa wataalamu hawa, nchi ya Wazanaki haikuwa na mfalme. Mamlaka yaligawanywa kati ya marika, yaliyopokezana kwa mizunguko miwili ya Saai na Chuma, na watu wenye ujuzi wao: waganga wa mvua, waaguzi, wazee wa koo. Rika lililoshika zamu lilikuwa na wajibu wa kuizunguka nchi kwa miguu na kuifanyia matambiko, ili maradhi na maadui vikae nje ya duara hilo.

Wazanaki walisifika kwa mvua. Sifa hiyo ilikuwa na ncha mbili, maana mganga wa mvua hutafutwa kwa zawadi mbingu zikifunga, na zikiendelea kufunga hutafutwa kwa namna nyingine.

Mwanamke wa mvua na mwindaji wa Chamuriho

Simulizi tamu kuliko zote za eneo hili haiko Butiama. Iko kusini kidogo, upande wa Bunda, kwa Waikizu. Ukitoka Butiama kuelekea Nyamuswa mlima mmoja unatawala upeo wa macho: Chamuriho. Humo, husimulia wazee, aliishi mwindaji aitwaye Isamongo, mwenye ujuzi wa moto. Siku moja alitokea mwanamke, Nyakinywa, aliyesafiri kutoka Kanadi, Usukuma, akiwa amebeba ujuzi wa mvua. Wakakutana milimani, wakapimana nguvu. Mwindaji alitegemea moto wake, mwanamke akaita maji.

Mvua ilishinda. Nyakinywa akawa mtemi wa kwanza wa Ikizu, na utemi huo wa mvua ukarithiwa kupitia kizazi chake, kukiwa na wanawake miongoni mwa watemi wa mwanzo. Isamongo hakufukuzwa. Kizazi chake kilibaki na nafasi katika matambiko, moto ukakaa pamoja na mvua. Maelezo haya yamo katika historia ya Ikizu na Sizaki iliyokusanywa na wenyeji wawili, P. M. Mturi na S. Sasora, watu walioona kwamba wazee wanakufa na hakuna anayeandika.

Mtu anaweza kuisoma hadithi hiyo kama ngano ya watoto. Lakini wanahistoria huisoma kama mkataba. Wawindaji wa nyika ya mashariki walikutana na wakulima waliotoka magharibi na kusini, kila upande ukiwa na kitu ambacho mwenzake anakihitaji, na hadithi inaeleza nani alipata cheo na nani alibaki na ardhi. Mimi navutiwa zaidi na jinsi mwanamke alivyowekwa mwanzoni mwa utawala bila maelezo ya kujitetea. Wasimulizi hawashangai kwamba mtemi alikuwa mwanamke. Mshangao huo umeletwa na sisi wasomaji.

Na kumbuka kwamba Kambarage pia ni mzimu wa kike.

Miaka ya kujificha

Mapango hayakutumika kwa sala pekee. Kati ya miaka ya 1870 na 1890 Mara ilipigwa na mambo mfululizo: mashambulizi ya Wamaasai waliokuja kuchukua ng'ombe, ndui, funza, njaa, kisha sotoka, tauni ya ng'ombe iliyofagia mifugo ya Afrika Mashariki kuanzia 1890. Watu waliacha mabonde, wakapanda vilimani. Wakajenga maboma ya mawe makavu bila udongo wa kuyashika, wakaishi wamebanana, na majabali yakawa maficho ya wanawake, watoto na mbuzi waliosalia.

Wakati huo huo ndipo wageni wengine walipofika. Wajerumani walikuta nchi iliyochoka, yenye watu waliokimbia huku na kule, wakadhani imekuwa hivyo tangu zamani. Wakatafuta chifu wa kuzungumza naye. Wazanaki hawakuwa na mtu wa aina hiyo. Walikuwa na wazee wa rika, waaguzi na waganga wa mvua, kila eneo na wake. Mkoloni hawezi kutoza kodi kwa rika. Alihitaji jina moja na mlango mmoja.

Nyerere Burito alithibitishwa kuwa chifu mwaka 1915, Wajerumani wakiwa tayari vitani na Waingereza. Waliposhindwa, Waingereza walimwacha kwenye cheo. Thomas Molony, aliyeandika kitabu kuhusu miaka ya ujana wa Mwalimu, anaueleza uchifu huu wa Butiama kuwa kitu kipya kuliko tunavyodhani. Waliouita wa jadi walikuwa wanakosea kwa miaka michache tu.

Burito alikuwa na wake 22. Mugaya Nyang'ombe, mama yake Kambarage, alikuwa wa tano, aliyeolewa mwaka 1907 akiwa na miaka 15. Nyumba za wake zilizunguka zizi, katikati ikiwa nyumba ya msonge ya mzee mwenyewe. Katika mazingira hayo mtoto alichunga mbuzi kati ya majabali haya haya, akalima na mama yake mtama na muhogo, akajifunza bao kwa kuwatazama wakubwa. Inasimuliwa kwamba alipokuwa akicheza bao na rafiki wa baba yake, Chifu Mohamed Makongoro wa Ikizu, mgeni huyo aliona akili ya kijana na kumshauri Burito ampeleke shule. Mwaka 1934 Kambarage alianza Mwisenge, Musoma. Makongoro alikuwa chifu katika nchi ya Nyakinywa, kwa hiyo unaweza kusema shule ya Mwalimu ilianzia kwenye urafiki wa nchi mbili za mvua. Mwana mmoja wa Mwalimu alikuja kupewa jina la Makongoro.

Nyegina na Kizanaki cha mapadre

Mapadre Weupe walikuwa Nyegina, karibu na Musoma, tangu 1911. Kijana Kambarage alianza kusoma dini akiwa shuleni, lakini hakubatizwa mapema. Burito alifariki mwaka 1942. Kambarage alibatizwa Nyegina tarehe 23 Desemba 1943, akiitwa Julius. Tarehe hizo mbili zina ukaribu unaofaa kuangaliwa. Mtoto wa chifu mwenye wake 22 na matambiko ya kusimamia asingeweza kulichukulia kwa wepesi jambo la kuhamia dini ya kigeni baba akiwa hai. Uchifu ulikwenda kwa kaka yake wa mama mwingine, Edward Wanzagi.

Mwaka 1955, baada ya kuacha kazi ya ualimu Pugu kwa sababu ya TANU, Nyerere alirudi nyumbani na familia. Kwa miezi kadhaa alifanya kazi na mapadre wa Maryknoll, shirika la Kimarekani lililokuwa limechukua kazi ya umisionari Musoma. Alifundisha Kizanaki na kusaidia kutafsiri maandiko ya dini kwa lugha hiyo. Anayejua kwamba baadaye alitafsiri Shakespeare mara mbili, Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, atagundua kwamba mazoezi ya tafsiri yalianzia kwenye meza ya padre, kwa lugha ya mama.

Upande wa sheria mambo hayakuwa laini kwa waganga. Serikali ya Kiingereza ilitunga sheria ya uchawi mwaka 1928, na sheria hiyo bado imo katika vitabu vyetu. Kwenye karatasi mwaguzi na mchawi walitenganishwa kidogo sana. Kwa Mmisionari wa wakati ule hata kidogo hicho hakikuwepo.

Mwana wa chifu anafuta uchifu

Mwaka 1963, miaka miwili baada ya Uhuru, serikali ya Tanganyika ilifuta machifu kwa sheria. Wanzagi wa Butiama alikuwa mmoja wa waliopoteza cheo, na aliyekuwa kwenye kiti cha urais ni ndugu yake. Sijaona uamuzi mwingine wa Mwalimu unaoonyesha vizuri zaidi kwamba hakuutazama Mwitongo kama mali ya ukoo unaotawala. Hata hivyo alijua vizuri cheo chenyewe kilitoka wapi. Kukifuta kulikuwa pia kufuta kazi ya Mjerumani.

Kilichofuata kiligusa mapango na misitu zaidi ya sheria yoyote. Mwaka 1973 Mwalimu alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na mwaka 1974 operesheni ilipita Mara. Butiama yenyewe ikawa kijiji cha kupangwa. Kaya zilizokuwa zimetawanyika vilimani, kila moja karibu na jiwe lake, mti wake na makaburi yake, zilishushwa kwenye mistari ya nyumba kando ya barabara. Shule zilikuja, na zahanati, na bomba. Mwezi Novemba mwaka huo huo chama kilikutana Musoma na kupitisha Azimio la elimu ya msingi kwa wote. Lakini vilima vikabaki na mahame, na mtu anayeishi kilomita kadhaa mbali na kaburi la babu yake hapeleki tena sadaka kila msimu. Watoto waliozaliwa kijijini waliyajua majina ya emisambwa bila kujua ilipo.

Misitu mingi ya matambiko ya Mara ilipungua kwa njia hiyo ya kimya, kisha ikamalizwa kwa shoka. Haikuchomwa na adui. Ilikosa wenyewe. Muhunda umebaki kwa sababu zaidi ya moja, na mojawapo bila shaka ni kwamba uko mlangoni pa nyumba ya mtu ambaye hakuna aliyetaka kumkosea. Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wake na kuusimamia chenyewe; ndiyo njia inayofaa zaidi kwa vipande kama hivi, na haihitaji kusubiri kibali cha wakubwa wa mbali.

Kaburi, na mahujaji wake

Mwalimu aliachia urais 1985, uenyekiti wa chama 1990, akarudi Butiama kulima. Jeshi la Wananchi lilimjengea nyumba kubwa Mwitongo, ambamo aliishi kwa muda mfupi tu. Makumbusho ya Mwalimu yalifunguliwa Butiama tarehe 2 Julai 1999, yeye akiwa hai. Tarehe 14 Oktoba mwaka huo alifariki London, na tarehe 23 Oktoba alizikwa Mwitongo. Kaburi lake liko ndani ya jengo lililosakafiwa vizuri. Makaburi ya wazazi wake, Burito na Mugaya, yako hapo jirani.

Makumbusho yana vinyago, zawadi za wakuu wa nchi, picha na vitu vya nyumbani, na kwa mtu anayetaka kuijua siasa ya Tanzania ni mahali pazuri pa kupoteza asubuhi. Lakini simulizi yake inaanza na mtoto na kwenda mbele. Yaliyokuwa nyuma ya mtoto hutajwa kwa sentensi chache, kama utangulizi wa kupita.

Wakati huo huo Mwitongo umepata mahujaji wa aina mpya. Mwaka 2005 Jimbo Katoliki la Musoma lilifungua mchakato wa kumtangaza Mwalimu kuwa mwenye heri, na kanisa sasa humwita Mtumishi wa Mungu. Uganda, kila tarehe 1 Juni, watu hukusanyika Namugongo kumwombea. Kila mwaka wapo wanaoendesha baiskeli kutoka Dar es Salaam mpaka Butiama. Na wilaya ya Butiama ina kituo cha hija cha Huruma ya Mungu, Kiabakari, kwenye mji ambao wakati wa ukoloni ulijulikana kwa mgodi wa dhahabu. Ukihesabu kwa miguu ya watu, huenda Butiama ndiyo wilaya ya Tanzania yenye sehemu nyingi za kuombea kwa eneo dogo kiasi hicho.

Wapo wanaoona haya kuviweka vitu hivi pamoja: mzimu wa mvua na mtu anayetajwa kuwa mtakatifu. Sioni haja ya haya hiyo. Kule Kit Mikayi, karibu na Kisumu, waumini wa Legio Maria na wengineo husali chini ya majabali ambayo Wajaluo waliyaheshimu kabla hawajamsikia Maria. Kolo, Kondoa, wazee bado hupeleka matambiko kwenye pango la Mungomi, lenye michoro iliyo kwenye orodha ya UNESCO, na kaya za Wamijikenda, yaani makazi yao ya kale msituni, zilizo pwani ya Kenya zimo kwenye orodha hiyo hiyo tangu 2008 kwa sababu ya misitu na imani zake. Huko kote wakubwa wamekubali kwamba msitu wa matambiko ni urithi wa nchi. Hapa Mara bado tunauita ushirikina tukiwa ofisini, kisha tunamtafuta mzee wa mvua mahindi yakianza kunyauka.

Kwa mwenye siku moja

Ondoka Musoma mapema, kabla jua halijachoma mawe. Anzia Mwisenge. Shule bado inafundisha, kwa hiyo omba ruhusa kwanza. Kisha panda gari la kwenda Makutano, na kutoka hapo mchomoko au bodaboda mpaka Butiama. Ukifika Mwitongo usianze na jengo la kaburi. Salimia wenyeji, eleza kilichokuleta, uliza kama kuna mtu wa kukuonyesha mawe na kukufikisha ukingoni mwa Muhunda. Kama jibu ni hapana, lipokee kama jibu. Kule ndani si mahali pa picha.

Zunguka majabali, uone jinsi nafasi za chini yake zilivyoelekea bonde, ujue kwa nini mtu aliyemkimbia Mmaasai alipachagua pale. Ndipo uende makumbusho, na kaburini mwisho. Mchana kula ugali wa mtama na muhogo kwa samaki wa ziwa, halafu chukua njia ya Nyamuswa upaone Chamuriho kabla ya kushuka Bunda. Kuupanda mlima kunahitaji siku yake na mtu wa ukoo, lakini hata ukiwa barabarani utaelewa kwa nini mwindaji mwenye moto alijiona salama pale juu.

Shida ni kwamba hutapata cha kusoma. Historia ya Mturi na Sasora ipo, tena kwa Kiswahili. Shetler aliichapisha pamoja na nyingine za Mara kusini mwaka 2003, huko Leiden, Uholanzi, ikiambatana na tafsiri ya Kiingereza, katika kitabu ambacho bei yake imewekwa kwa ajili ya maktaba za vyuo vikuu vya Ulaya. Utafiti wa Bischofberger juu ya Wazanaki ulitoka Uswisi na kubaki huko. Butiama sasa ina wilaya yake na hata chuo kikuu chenye jina la Mwalimu. Kurasa chache za Nyakinywa na Isamongo, na nyingine chache za Muhunda zikiandikwa na wazee wa Butiama wenyewe, zingechapwa Musoma kwa bei ya soda mbili na kuuzwa mezani pale getini, karibu na kitabu cha wageni.